Deki Haivai Kitambaa

Kwa miaka mingi nilikana kwamba mimi ni muuza deki. Nina lisansi, yaani digrii, ya fasihi ya Kifaransa, na wenzangu wa chuo kikuu waliponiuliza nafanya nini hapa Goma, mtaani Mabanga, niliwajibu kwamba mimi ni mshauri wa mambo ya picha na sauti. Mara moja, kwenye harusi moja pale Katindo, baada ya chupa ya pili, nilijiita ekspere, mtaalamu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasimama nyuma ya meza ya mbao, bisbisi mfukoni, vumbi jeusi puani, nikiuza na kutengeneza mashine za kuonyesha picha nyumbani, tangu enzi za kanda mpaka hizi diski za Ultra HD. Sasa mgongo umenistaafisha, na sina tena cheo cha kulinda. Nilikuwa muuza deki. Nilikuwa muuza deki mzuri. Na nina hasira.

Nina hasira na nyinyi vijana, kwanza kabisa. Mnapita mbele ya kibaraza changu mkiniambia, "Mama Furaha, diski zilikufaka zamani. Kila kitu iko mu simu." Simu ipi? Mtandao upi? Huu wa Goma, unaomgandisha bibi harusi mdomo wazi huku ukoo mzima ukitazama kaduara kanakozunguka? Diski haiombi mtandao. Inaomba umeme tu, nao umeme ni taabu ya kututosha. Pili, nina hasira na wauzaji wa katoni. Tatu, nina hasira na vitambaa vya kroshe, na hapo najua nitachukiwa na nusu ya kina mama wa mji huu. Mtanisamehe au hamtanisamehe.

Nikitaka kuwaonyesha kwa nini, lazima niwaambie habari za jirani yangu Mama Kavira.

Mama Kavira ni mjane wa Butembo. Alishuka Goma na mume wake aliyekuwa akisafirisha maharagwe, wakajenga Mabanga, wakazaa, mume akafa. Sasa macho yake yanakufa. Daktari hakumficha: ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinaondoka pole pole. Jicho la kulia limezimika. La kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo.

Mtoto wake wa mwisho, Kakule, alipewa upadri Ulaya. Mama aliomba viza, akanyimwa. Wakamtumia picha za misa kwa simu, akaziweka puani kabisa, akazitazama mpaka mwisho. Nikamuuliza aliona nini.

"Niliona kitu nyeupe iko inatembea," akasema. "Inaweza kuwa mutoto wangu. Inaweza kuwa mbuzi."

Kakule aliposikia hayo hakucheka. Misa yote ilikuwa imepigwa kwa kamera nzuri na rafiki yake, kwa hiyo akamwomba aichome kwenye diski ya Ultra HD, bila kupunguza kitu. Uwanja wetu wa ndege umefungwa, basi diski ikaletwa mkononi na mtawa mmoja kupitia Kigali. Ujumbe ulikuwa mfupi: mama asione kwenye simu, tafuteni televisheni kubwa na deki inayofaa. Televisheni ilikuwapo. Deki haikuwapo. Na lile jicho moja halikuwa likimngoja mtu.

Basi Kasereka, kaka yake Kakule, mfanyabiashara wa mabati, akaenda kununua deki peke yake. Hakuniuliza. Nakaa nyumba ya pili kutoka kwao, nimefanya kazi hii maisha yangu yote, na hakuniuliza! Niliitwa baadaye, nije kushangilia.

"Mama Furaha, ona. Katre-ka!" Alikuwa akiipiga katoni kofi kama mtu anayesifu ng'ombe.

"Naona katoni imeandikwa 4K. Mashine nayo inasema nini?"

"Si ni kitu moja?"

"Kasereka, weye unauzaka mabati. Mutu akikuletea mabati imefungwa mu karatasi, karatasi imeandikwa 'nzito', unanunua bila kushika?"

"Ha! Nyinyi wamama wa diplome, munapendaka kubishana tu."

Nikafungua. Ilikuwa kama nilivyoogopa. Vijana, hili lishikeni hata mkisahau mengine yote. Kuna deki zinazosoma diski za Ultra HD, na kuna deki zinazovuta picha. Hizi za pili husoma diski za kawaida, kisha huitanua picha ijae televisheni ya 4K, kama shati la mtoto linavyovutwa mpaka limwingie baba yake. Mtengenezaji huandika 4K kwa herufi kubwa za dhahabu, halafu pembeni, kwa herufi za chawa, anakiri kwamba ni kutanua tu. Ukiitia diski ya Ultra HD yenyewe, haiielewi. Usitafute 4K. Tafuta maneno Ultra HD Blu-ray, yote pamoja, na uyatafute kwenye uso wa mashine, usiyaamini yaliyo kwenye katoni.

Tukatia diski ya Kakule. Mashine ikakoroma, ikanyamaza, ikaandika kwamba haitambui diski.

"Diski imekufa," Kasereka akatangaza. "Kakule alituma kitu mubovu. Wazungu wamemudanganya."

Mama Kavira akanigeukia. "Imekufa kweli?" akaniuliza. Hakumuuliza mwanawe, aliniuliza mimi. Hapo ndipo hasira ilinipanda mpaka kwenye meno, maana mashine ya uongo ilikuwa imemfanya mama huyu aamini kwamba upadri wa mtoto wake umeharibika njiani.

"Diski iko mzima," nikasema. "Mashine njo mujinga."

Msidhani nilizaliwa nikijua haya. Alinifundisha Papa Bisimwa, mzee wa Bukavu aliyekuwa na meza kabla yangu. Hakuwa na maneno mengi, ila alisema kwamba katoni ni mhubiri na mashine ni mwumini, na kwamba tusihukumu parokia kwa mahubiri. Deki mpya aliipima kwanza kwa mkono. Nyepesi kama sahani ya plastiki? Aliirudisha. Kisha aliitia diski, akaegemeza sikio juu yake kama daktari kwenye kifua cha mtoto. Inayovuma taratibu ni nzuri, inayotetemeka itakuharibia jioni zako. Nilidhani ni maigizo ya kuvutia wateja, mpaka nilipoanza kufanya hivyo mimi mwenyewe nikiwa nyumbani, kwa friji.

Yeye ndiye aliyenionyesha pia ubaya wa zile deki zinazomeza diski kwenye upenyo, bila sinia la kutoka nje. Nzuri kwa macho, ndiyo. Lakini sisi tunaishi juu ya mawe ya volkano. Vumbi letu si vumbi la kawaida, ni jiwe lililosagwa. Upenyo unaingiza diski pamoja na vumbi lake, na vumbi hilo linafanya kazi ya msasa. Sinia unaweza kulipangusa. Na diski za Ultra HD zina tabaka nyingi zilizobanana, chembe moja tu juu ya kile kijicho cha leza inatosha kukuandikia kwamba hakuna diski.

Kuhusu kijicho hicho: mwaka wangu wa kwanza nilikisafisha kwa pindo la kitenge na manukato, kwa sababu nilisoma kwamba kinahitaji alkoli na manukato yangu yalikuwa nayo. Papa Bisimwa alitazama, akanusa, hakunigombeza. Aliniwekea mashine mikononi, akasema, "Peleka kwako, mutoto. Utakuwa unaangaliaka filamu za ukungu, na zitanukia muzuri."

Turudi kwa Mama Kavira. Nilimwambia twende dukani sisi wawili, na diski yetu kwenye mkoba. Hiyo ni kanuni yangu ya pili, na inawahusu zaidi nyinyi mnaochomewa diski za harusi na sherehe: diski ya kiwandani na diski iliyochomwa si kitu kimoja. Kuna deki nzuri kabisa, za Ultra HD kwelikweli, zinazokataa diski za kuchoma. Huwezi kujua kwa kusoma. Jaribu na diski yako mwenyewe, hapo hapo, kabla ya kutoa hela.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye kifaa sikioni, anayeongea na sisi na mtu mwingine kwa wakati mmoja.

"Wamama, hapa hatufunguake katoni."

"Kwa nini?" nikauliza.

"Njo vile. Ni politike ya duka. Munaona picha hapa juu."

Mama Kavira akanyoosha shingo kuelekea sauti. "Papa, weye ulioa?"

"Njo, mama."

"Ulimuoa mu katoni?"

Wanunuzi wengine wakacheka, na mmoja akapiga meza. Kijana akatoa kile kifaa sikioni. Akafungua katoni ya kwanza. Deki ilikuwa nzito, sinia zuri, nembo ya Ultra HD usoni. Ikasoma diski ya duka bila shida. Ya kwetu ikaikataa.

"Munaona? Shida ni diski yenu," akasema, kwa furaha ambayo sijaisahau.

"Fungua ingine," nikasema. "Na ukisema tena diski yetu, nitakaa hapa mpaka jioni nikiwaelezea wateja wako maana ya kutanua picha."

Akafungua nyingine, ya mtengenezaji tofauti. Ikavuma taratibu. Kisha, kwenye televisheni ya duka, mlango mkubwa wa kanisa ukatokea, kila msumari wake unaonekana, na kengele zikaanza kulia. Nilishika mkono wa Mama Kavira. Yeye akaniminya vidole.

"Zima," akasema.

"Mama, ndiyo kwanza inaanza."

"Zima. Mutoto wangu hapati upadri mu duka."

Deki hiyo ndiyo tuliyoichukua. Nyumbani niliiunga kwa kebo yenye kasi inayotakiwa, na kwenye tundu sahihi la televisheni, maana matundu hayafanani, mengine hayapokei picha yote, na watu hulaumu deki. Nikaweka stabilizatere ya kusawazisha umeme, maana kura yetu, ndivyo tunavyouita umeme huku, ikirudi baada ya kukatika inarudi kama mlevi anayepiga mlango. Mtu akikuuzia deki bila kukuuliza una stabilizatere, huyo hakutakii mema.

Jumapili baada ya misa ukoo ukajaa sebuleni. Hapo nikakuta makochi yamesukumwa ukutani, mbali, kwa heshima. Nawaambia jambo ambalo hakuna muuzaji atawaambia: ukikaa mbali hivyo, Ultra HD na diski nzuri ya kawaida ni mamoja. Mimi mwenyewe, ekspere, kutoka kwenye kochi langu sioni tofauti. Tofauti inakaa karibu. Ndiyo sababu deki hii ilikuwa ya Mama Kavira kuliko ya mtu yeyote pale ndani. Nikakichukua kiti chake, nikakiweka mbele mpaka magoti yake yakakaribia kugusa meza ya televisheni.

"Mama Furaha, utamuharibia macho!" Kasereka akapiga kelele.

"Hii jicho," Mama Kavira akasema, bila kugeuka, "naichungia nani?"

Picha zikaanza. Maandamano, uvumba, nyimbo. Kakule akalala kifudifudi mbele ya altare na litania ya watakatifu ikaanza, na kina mama sebuleni wakawa wanaitikia "mutuombee" kana kwamba wako kule. Tukafika karibu kabisa na askofu kumwekea mikono. Televisheni ikawa nyeusi.

Kura haikukatika, taa zilikuwa zinawaka. Nikasikia harufu ya plastiki ya moto, nikatazama deki, na hapo nikaona kile ambacho nilipaswa kukiona tangu mwanzo. Ilikuwa imevikwa. Kitambaa cha kroshe, cheupe, kikubwa, chenye kikombe cha misa katikati na maua pembeni, kimefunika mashine yote mpaka chini, na matundu yake ya kupumulia yamezibwa kila upande.

Mnacheka, lakini nendeni nyumbani kwenu mkaangalie. Televisheni imevishwa. Redio imevishwa. Hata rimoti nimeona imeshonewa gauni. Kwetu mashine bila kitambaa ni kama nyumba isiyo na mwenyewe. Deki za zamani zilivumilia upuuzi huo, zilikuwa baridi. Hizi za Ultra HD zinafanya kazi nzito, zinachemka, zina feni ndogo inayotafuta hewa, na zikiikosa zinajizima ili zisife. Nimezika deki nyingi zilizouawa na uzi. Wenyewe waliniletea wakisema kiwanda kimewaibia.

Nikanyanyua kitambaa. Sebule ikashtuka kana kwamba nimemfunua mtu sketi.

"Mama Furaha!" Kasereka alikuwa amesimama. "Ile kitambaa, mama alishona na vidole tu. Haonake hata uzi! Alishona kwa ajili ya upadri ya mutoto!"

"Na itaua upadri ya mutoto!" nikamjibu. Nikasema mengine mengi. Nilisema juu ya feni, juu ya hewa, juu ya wafanyabiashara wanaonunua katoni, juu ya ukoo mzima unaoheshimu uzi kuliko jicho la mama yao. Nilisema kwa Kiswahili, nikamalizia kwa Kifaransa cha chuo kikuu ambacho hakikumsaidia mtu.

Mama Kavira alinyoosha mkono. Nikampa kitambaa. Akakikunja magotini, kona kwa kona, akitafuta pindo kwa kidole gumba.

"Ijumaa Kuu," akasema, "altare wanaivikaka?"

Kina mama wakatazamana.

"Munijibu. Wanaivikaka?"

"Hapana, mama," Kasereka akasema. "Wanaivuaka yote."

"Basi. Siku iko na kazi, inakaa bila nguo. Ikimaliza, mutaivika. Mama Furaha, ngoja ipoe, uanze tena mwanzo."

Tukangoja. Nikaiinua deki juu ya vizibo vinne vya chupa ili ipumue na chini pia, jambo ambalo hata nyinyi mnaweza kulifanya leo bila kuwa na lisansi. Tukaanza tena mlangoni mwa kanisa, na safari hii ikaenda mpaka baraka ya mwisho. Askofu alipoweka mikono sebule nzima ililia. Mtoto wa mabati alilia kuliko wote.

Mama Kavira hakulia. Nilimtazama yeye tu. Pua yake ilikuwa karibu kugusa kioo, mikono juu ya kitambaa, na uso haukusogea, si kwa litania, si kwa askofu, si kwa mafuta matakatifu. Ilipoisha akasema asante, akaomba apelekwe kitandani.

Kasereka alinisindikiza mpaka kwenye ukuta wa mawe wa nje. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Umeona?" akasema. "Haonake tena kitu. Mutoto wake wa mwisho anapata upadri, na hata chozi. Alikuwa anasikiliza tu, ili asituhuzunishe. Kesho asubuhi nitarudisha ile mashine. Tusiendelee kumudanganya mama."

Mimi, niliyembishia kila mtu, nilikubali kwa kichwa, kwa sababu nami nilikuwa nimemwona asivyosogea. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimekasirikia diski, na kamera, na askofu, na miaka yangu yote nyuma ya ile meza.

Asubuhi nilikuwa nafagia vumbi kibarazani simu ilipolia. Alikuwa Mama Kavira, kwa kile kisimu chake cha vibonyezo, akipiga kelele kama kawaida yake, kana kwamba simu ni kiziwi.

"Mama Furaha! Sikulala. Niko na hasira!"

"Na nani, mama?"

"Na wale Wazungu! Hakuna mutu wa kumuangalia mutoto kule? Alijinyoa vibaya! Siku kubwa kama ile! Iko alama ya wembe hapa, chini ya sikio, upande wa kushoto, na kadamu kamekauka kadogo kama kichwa ya kiberiti. Askofu anamuwekea mikono, watu wanaimba, na miye niko naona damu tu. Niko nasema, mwanangu, jipanguse! Hakuna hata mumoja alimwambia!"

Nyuma yake nilisikia kelele za katoni ikiburutwa, kisha ikaachwa.

"Damu gani, mama?" Ilikuwa sauti ya Kasereka.

"Washa," akamwambia. "Sogea karibu. Weye njo uko na macho mbili."